Dirisha Linalotoa Dawa Lipokee na Masalia Yake

Fungua droo ya chini ya kabati la nguo katika nyumba nyingi za hapa Dar es Salaam, chini ya kanga zilizokunjwa utaukuta mfuko wa dawa. Ndani mna pakti ya amoksisilini iliyotumika nusu, chupa ya dawa ya kikohozi ambayo mfuniko wake umenatana kwa sukari, na Dawa Mseto ya malaria iliyobaki vidonge vinane kwa sababu mgonjwa aliona nafuu siku ya pili, dozi ya siku ya tatu akaiona ya kujisumbua. Halafu kuna zile bahasha ndogo za famasi, zimeandikwa 1×3 kwa peni, jina la dawa hakuna. Hizo ndizo zinazoniogopesha. Kidonge cheupe cha duara kilicholala humo chaweza kuwa Panadol, chaweza kuwa dawa ya presha ya marehemu baba. Ukinimiminia kiganjani ukaniuliza ni nini, mimi niliyesomea uuguzi sina jibu la kukupa. Na jirani anayebisha hodi usiku kuomba chochote cha kichwa hana jibu pia.

Nafanya kazi katika kituo cha afya cha umma. Siku za kliniki ya kisukari na presha nakaa kwenye meza ya kupima sukari, kwa hiyo wagonjwa wetu wengi nawajua kwa vidole vyao kabla ya majina. Katika miaka yangu kazini nimeona tiba ikihama taratibu kutoka wodini kwenda sebuleni. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza anachomwa insulini nyumbani mara tatu au nne kwa siku. Bibi anajipima sukari kwa mashine aliyonunuliwa na mwanawe. Mama mjamzito aliyewahi kupata damu kuganda mguuni anajichoma tumboni kila siku mpaka ajifungue, na baada ya hapo bado anaendelea kwa wiki kadhaa. Kuna pia sindano ya uzazi wa mpango ambayo mwanamke anafundishwa kujichoma mwenyewe kila baada ya miezi mitatu, huduma nzuri sana kwa anayeishi mbali na zahanati. Haya yote ninayafundisha na ninayapenda, kwa sababu yamewarudishia watu siku zao. Lakini mgonjwa akiuliza sindano iende wapi ikishachomolewa, jibu analopewa mahali pengi ni maneno matatu: tupa mahali salama.

Mahali gani hapo? Mtoto anayechomwa mara tatu kwa siku, kama angetumia sindano mpya kila mara, angemaliza sindano 1,095 kwa mwaka. Najua wengi hawatumii mpya kila mara, kwa sababu zinauzwa, na bomba moja la insulini huzungushwa siku kadhaa mpaka ncha inaanza kuuma. Hata hivyo ni mamia, na juu yake zile ncha ndogo za kutobolea kidole. Zote zinatoka kwenye chumba kimoja cha kupanga, chenye pipa moja la taka linalotumiwa na wapangaji wa nyumba nzima.

Ndani ya kituo mambo yako wazi. Sindano ikitoka mkononi mwa mgonjwa haifunikwi tena, kwa sababu kuna wauguzi wengi waliochomwa hapo hapo, mkono mmoja umeshika sindano na mwingine unatafuta kifuniko. Inaingia moja kwa moja, pamoja na bomba lake, kwenye sanduku la usalama, lile la njano la karatasi ngumu tunalolikunja wenyewe asubuhi. La lita 5 hubeba mabomba kama 100. Likifika robo tatu linafungwa, hata foleni iwe ndefu kiasi gani, maana anayeshindilia bomba moja la mwisho kwa kidole ndiye atakayechomwa na yaliyo chini yake. Likishafungwa halifunguliwi, halimwagwi, halitumiwi mara ya pili. Mhudumu mwenye glavu nene, aproni na buti analibeba kwa mpini wake, mbali na mwili, hadi kwenye kichomea taka nyuma ya majengo. Vituo vingi vya ukanda wetu vina vile vya matofali vyenye bomba refu la moshi, ambavyo mchoro wake ulitoka Chuo Kikuu cha De Montfort kule Leicester, Uingereza. Moto ukiandaliwa vizuri unapita nyuzijoto 800. Plastiki inaisha, chuma cha sindano kinabaki cheusi bila kimelea, na majivu yanaingia kwenye shimo lake lililojengewa na kufunikwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika taka zote zinazotokana na huduma za afya, asilimia 85 ni taka za kawaida tu, na 15 ndizo za hatari. Sanduku, glavu, moto na shimo, vyote vimewekwa kwa ajili ya hiyo asilimia 15. Sindano ileile, kutoka kiwanda kilekile, ikitumika nyumbani kwa mgonjwa hatua chache kutoka kwenye ukuta wetu, inaingia kwenye kiroba pamoja na maganda ya ndizi.

Mtazame kijana wa guta anayezoa taka mtaani anavyofanya kazi. Kiroba hakishiki kwa juu, kwa sababu mdomo wake umefungwa kwa kamba dhaifu na kitachanika. Anakikumbatia. Upande mmoja kinalalia paja, upande mwingine kifua, kisha anakirusha juu ya vingine na kukikandamiza kwa kiganja ili nafasi ipatikane, kwa sababu analipwa kwa nyumba anazozimaliza. Hapo kwenye kukandamiza ndipo sindano inapopanda. Wengi hawana glavu, na wenye glavu wana zile za sufi za kubebea matofali, ambazo sindano hupenya bila kizuizi.

Mmoja wao alifika kituoni kwetu kiganja kimefungwa kitambaa cheusi kwa uchafu. Alikuja kwa sababu ncha ilivunjikia ndani. Nikiwa namwosha kwa maji ya bomba na sabuni nilimuuliza ni mara yake ya kwanza kuchomwa. "Sista, hii ni kawaida," akasema, "zile nyingine huwa nazitoa mwenyewe." Alisema bila manung'uniko yoyote, kama mtu anayeeleza jua la mchana. Ncha tuliitoa. Kipande chembamba mno, ukikiweka juu ya kucha unakipoteza. Kisha tukakaa kuzungumza juu ya yale asiyoweza kuyatoa kwa kucha.

Niseme hatari yenyewe kwa kipimo chake, maana hapa watu ama wanapuuza ama wanapagawa. Mtu akichomwa na sindano iliyotoka muda huo kwa mwenye virusi vya ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 katika 1,000. Sindano iliyokaa kwenye taka, damu yake ikakauka, hatari yake ya ukimwi hushuka zaidi ya hapo. Homa ya ini B ni habari nyingine kabisa. Kwa asiye na kinga, sindano yenye damu ya mgonjwa huambukiza watu kati ya 6 na 30 katika kila 100, na kirusi chake kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Hiyo ni safari nzima ya kiroba kutoka chumbani kwa mgonjwa hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, na bado kirusi kina siku za kusubiri mwokota chupa. Hapa nchini chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Maana yake wanaume na wanawake wengi wanaobeba taka zetu leo walizaliwa kabla yake, na hakuna aliyewachanja ukubwani.

Kwa hiyo ukichomwa, iwe ni wewe au mtu anayezoa taka zako, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimwagie Jik. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Dawa za kinga ya dharura dhidi ya virusi vya ukimwi, zile tunazoziita PEP, zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa chache, na baada ya saa 72 hazianzishwi tena. Zinamezwa siku 28. Uliza pia chanjo ya homa ya ini B. Usione haya kusema umechomwa na sindano ya kwenye taka, wala usiogope kwamba utaulizwa maswali ya tabia zako.

Sasa nyumbani. Mgonjwa wangu namwambia atafute chupa ya plastiki ngumu isiyoonyesha ndani, yenye mfuniko wa kuzungusha: ya Jik, ya sabuni ya maji, ya dawa ya kusafishia choo, au kidumu cha mafuta cha lita 3. Aioshe, aikaushe, aandike pembeni kwa maka peni SINDANO, USIFUNGUE. Ikae pale pale anapochomea, juu, mtoto asikofika. Akichoma tu, sindano inaingia humo ncha ikitangulia. Asiikunje, asiivunje, asiikate ncha kwa mkasi, kwa sababu ncha iliyokatwa huruka na hujui imetua wapi. Wenye peni za insulini wanafungua ile ncha ndogo kwa kifuniko chake kikubwa cha nje na kuidondoshea chupani. Ikifika robo tatu afunge kwa nguvu, azungushe gundi ya utepe juu ya mfuniko mara kadhaa, na siku ya kliniki aje nayo.

Chupa za maji ya kunywa nawakataza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dhahiri, plastiki yake ni laini na sindano inatoka nje. Ya pili watu wachache huifikiria: chupa tupu ni pesa. Kuna mtu anayeishi kwa kuziokota na kuziuza kwa kilo, na akiikuta yako yenye vitu ndani ataifungua aimwage, kwa sababu mnunuzi anaitaka tupu. Ukitupa sindano ndani ya chupa ya maji umeziweka ndani ya kitu ambacho una hakika kitafunguliwa kwa mikono. Dumu gumu nalo lina bei yake, ndiyo maana nasisitiza maandishi na gundi, na ndiyo maana napenda lirudi kituoni badala ya kwenda pipani.

Kwa upande wa vidonge, hatari inaanzia humo humo ndani, kabla hata ya kutupwa. Chukua vidonge vya kuongeza damu, vile tunavyowapa wajawazito. Ni vyekundu au rangi ya chokoleti, vinang'aa, na vingine vimefunikwa sukari. Mama anapewa vya mwezi mzima, vinamletea kichefuchefu, anaviacha mezani. Kidonge kimoja kina kama miligramu 60 za madini ya chuma. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 12 hivi. Madhara huanza kuonekana mtoto akimeza miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani vidonge vinne kwa huyo wa kilo 12. Akifikisha miligramu 60 kwa kilo, vidonge kumi na viwili, tunazungumzia sumu inayoweza kumuua. Na mbaya yake ni kwamba baada ya kutapika saa za mwanzo, mtoto anaweza kutulia akaonekana amepona, wazazi wakamlaza, kumbe ini linaharibika. Mtoto aliyemeza vidonge vya damu apelekwe hospitali hata kama anacheza, na pakti ya vidonge ipelekwe pia ili daktari ahesabu vilivyobaki.

Amoksisilini ya kubakiza ina njia yake nyingine ya kuumiza. Haitupwi, inagawiwa. Dada ana kikohozi, anapewa vinne. Mtoto ana mafua, anafunguliwa kapsuli nusu kwenye kijiko. Dozi hizo za kuonjaonja haziponyi mtu ila zinawafundisha vimelea kuizoea dawa, na ule usugu ambao Wizara ya Afya inaupigia kelele kwa jina la UVIDA unaanzia kwenye droo kama ile. Ningeomba familia ziache kabisa kuhesabu antibayotiki zilizobaki kuwa ni akiba. Kama ulipewa dozi, imalize. Kama daktari ameibadilisha, ile ya kwanza haina kazi tena nyumbani kwako.

Itoke basi, lakini itokeje? Wengi wana njia mbili, moto na choo.

Moto wa uani haufiki popote karibu na zile nyuzijoto 800. Zile karatasi za vidonge ni plastiki yenye klorini iliyobandikwa alumini, na zikiungua kwa moto mdogo hutoa moshi wenye dioksini, sumu ambazo dunia nzima ilikubaliana kuzidhibiti kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Moshi huo unavutwa na anayechochea. Pampu za pumu na makopo yoyote ya kupuliza hulipuka motoni. Sindano haziungui kabisa, zinabaki kwenye majivu, na majivu hayo yanamwagwa kwenye bustani ya mchicha.

Choo kina maelezo marefu zaidi, kwa sababu ushauri wake unategemea unaishi wapi. Kijijini, kwenye choo cha shimo kirefu ambacho kikijaa kinafukiwa na kuchimbwa kingine, kudondosha sindano humo si jambo ninaloweza kulilaani kama zahanati iko nusu siku kwa miguu. Angalau hakuna mkono utakaoikuta. Mjini mambo ni tofauti. Vyoo vyetu vinanyonywa, na kwenye mitaa ambako gari la majitaka halipiti, vinapakuliwa na watu wanaoingia shimoni kwa miguu yao. Mabondeni huku kuna wanaosubiri mvua ya masika wakatapisha choo, kila kilichomo kikaelea uchochoroni ambako watoto wanapita pekupeku. Maji ya ardhini yako karibu, visima vifupi viko palepale. Dawa ya maji uliyoimimina chooni au kwenye sinki haijaondoka, imeanza safari. Watafiti wamekuta mabaki ya dawa kwenye Mto Nairobi, na uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliopima mito 258 katika nchi 104, ulikuta dawa katika mito ya mabara yote, za kisukari na za kifafa zikiwa miongoni mwa zilizoonekana mara nyingi zaidi. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya dawa hizo zinapita kwenye miili yetu na kutoka na mkojo, hilo hatuna namna ya kulizuia majumbani. Zile tunazozimwaga zikiwa nzima ndizo tunazoweza kuziacha.

Kwa hiyo, pasipo na mahali pa kuzirudisha, fanya hivi. Vitoe vidonge kwenye pakti, usivitwange, viweke kwenye kopo la zamani pamoja na kitu ambacho hakuna mtu wala mbuzi atakitamani: majivu yaliyoloweshwa, udongo, mashapo ya chai au kahawa. Dawa za maji mimina humo humo zinyonywe na majivu. Funga kopo, lizungushie gundi, kisha liingie kwenye taka siku ileile gari linapopita, lisilale uani. Lebo za chupa zibandue au ufute jina la mgonjwa, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake hata akiwa amefariki. Pakti tupu na maboksi yachane kabla ya kuyatupa. Boksi zima la dawa lina wateja wabaya, wapo wanaolijaza vidonge vingine na kuliuza.

Kuna dawa ambazo njia hiyo haizihusu. Vidonge vya saratani, vile vya kumezwa nyumbani, virudi hospitali ulikopewa, na usivishike kwa mikono mitupu kama wewe si mgonjwa. Mofini ya maji ya wagonjwa wa tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia maumivu wenye ugonjwa usiopona, irudi pia, kwa timu iliyoitoa, mapema baada ya msiba, kabla ndugu hawajaanza kugawana vitu vya marehemu. Najua siku hizo hakuna mwenye akili ya kukumbuka chupa. Mara nyingi ni mjukuu wa kike ndiye anayeijua ilipo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpa bibi usiku. Mwulizeni.

Nilipokuwa nawaeleza haya watu wa mtaani kwetu, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo limebaki nami: "Mwanangu, kwani sheria inasemaje?" Sheria ipo, na kwa maduka ni kali. Chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, mwenye famasi akiwa na dawa zilizoisha muda hawezi kuzitupa wala kuzichoma kwa hiari yake. Anazitenga kwenye rafu, anaziandika kwa jina, idadi na thamani, anaomba kibali kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, zinateketezwa mbele ya wakaguzi, na anapewa cheti. Gharama ni zake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazihesabu taka za aina hii kuwa za hatari na kuweka masharti kwa anayezisafirisha na kuzitupa. Kenya wana utaratibu unaofanana, Bodi ya Famasia na Sumu kwa upande wa dawa na NEMA kwa upande wa mazingira.

Mbinu zenyewe za kuteketeza zinajulikana vizuri, na sehemu ya elimu hiyo ilipatikana kwa uchungu. Wakati wa vita vya Bosnia na Herzegovina, kati ya mwaka 1992 na 1996, nchi zilizotaka kusaidia zilimwaga huko kadiri ya tani 17,000 za dawa zisizofaa, nyingine zimeisha muda, nyingine hazina matumizi kwa wagonjwa waliokuwapo. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa namna ya kuondoa milima ya aina hiyo: kuziteketeza kwenye matanuri ya joto la juu sana, yakiwamo ya saruji, au kuzisaga na kuzichanganya na chokaa, saruji na maji mpaka ziwe zege. Tanuri la saruji ni moto ambao hakuna kidonge kinachoubishia. Ndiyo maana hata dawa za kulevya zinazokamatwa nchini zimekuwa zikipelekwa kuteketezwa kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo Hill.

Yote hayo yanamhusu mwenye duka, bohari na hospitali. Dawa ikishavuka dirisha ikaingia kwenye mkoba wa mama, mkono wa sheria unalegea. Jaribu kuirudisha famasi. Mfamasia mmoja ninayemheshimu aliniambia wazi kwamba hawezi kuzipokea. Mkaguzi akikuta dawa zilizoisha muda ndani ya duka ataanza kwa kumuuliza kwa nini zipo, na uteketezaji wake unalipiwa. Akipokea mifuko ya mtaa mzima atalipa yeye kwa wema wake. Sikuwa na la kumbishia. Kwa mpangilio uliopo, famasi inayomsaidia mteja kutupa salama inajiongezea mzigo na mashaka, na inayomfukuza inabaki salama.

Wenzetu wa nje walilitatua hili kwa kuamua nani analipa na nani anapokea. Sweden famasi zimekuwa zikipokea dawa za majumbani tangu mwaka 1971. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2004, uliitaka kila nchi mwanachama iwe na mfumo wa kuzikusanya. Marekani, ambako dawa za maumivu zilizobaki kabatini zimechangia vifo vingi, ilitunga sheria mwaka 2010 na kuweka siku maalumu za kurudisha dawa mara mbili kwa mwaka. Sisi hatuhitaji kuiga kila kitu. Hatuna famasi kila kona ya kijiji, lakini tuna maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na sasa yameenea nchi nzima. Tuna kliniki za kisukari, za ukimwi, za uzazi, ambako mgonjwa yuleyule anarudi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Mtu anayerudi kuchukua anaweza kurudi na ya zamani mkononi.

Hoja hii niliipeleka kwenye kikao kazini: liwekwe sanduku moja la usalama kwenye meza ya kliniki kwa ajili ya sindano za nyumbani, na ndoo moja yenye mfuniko na kufuli kwa ajili ya vidonge. Niliambiwa taka za nyumbani si za kituo, na kichomea taka kina foleni yake. Naelewa wanaosema hivyo. Mkaa, kuni na mafuta ya kuwashia vinatoka kwenye bajeti iliyokwisha kabla ya robo ya mwaka kumalizika. Lakini sikubaliani nao, kwa sababu sindano hiyo tuliitoa sisi, tukamfundisha mgonjwa kuitumia, na jina lake liko kwenye daftari letu. Kwa sasa wagonjwa wa meza yangu wanakuja na chupa zao zimefungwa gundi, nazipokea, zinaingia kwenye moto pamoja na za kituo. Wauguzi wa vituo vingine nao wanafanya hivyo kimyakimya. Jambo linalotegemea huruma ya aliye zamu siku hiyo bado halijawa huduma, na mgonjwa ataachaje kurudi na chupa yake nyumbani akimkuta muuguzi mwingine? Linahitaji waraka wa wizara wa ukurasa mmoja, utakaosema kituo kinachotoa sindano kipokee sindano, na famasi inayopokea dawa za wananchi isihesabiwe kosa wala isilipishwe uteketezaji wake.

Jambo la pili haliihitaji hata wizara. Halmashauri zinatangaza zabuni za uzoaji taka, na mkataba unaandika idadi ya magari, mitaa na ada ya kila nyumba. Uandikwe humo pia kwamba kila anayeshika kiroba avae glavu zisizopenya na buti, na achanjwe homa ya ini B kabla ya kuanza kazi, gharama kwa mkandarasi. Kwa mtu mzima ni dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Yule kijana wa kiganja alipata ya kwanza siku ileile na akarudi kwa ya pili. Tarehe ya tatu nimemwandikia kwenye kadi, na namba yake ya simu iko kwenye daftari langu, kwa sababu siku hiyo ni ya kazi na najua itabidi nimpigie.